Kidole Nilichokitoboa kwa Sindano ya Cherehani

Chumba cha kushonea,
nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 9, mchana.

Mpendwa dada,

Pokea salamu za mdogo wako. U hali gani? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka, dada, hata kusimulia kunanichosha.

Kilichonichosha ni kidole gumba cha mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Kiliota kijivimbe karibu na ukucha, laini, kinang'aa, ukubwa wa punje ya dengu. Nikakificha ndani ya soksi miezi mitatu. Unajua nilichokuwa nawaza. Mama naye, kwa sukari yake, alianza na kidole, akaishia kukatwa mguu.

Siku moja nikachukua sindano ya cherehani, nikaipitisha kwenye moto wa kiberiti, nikakitoboa. Ukatoka ute mzito kama gundi. Nikajiona bingwa! Baada ya wiki mbili kikarudi, safari hii chekundu, kinapwita, pedali haigusiki. Wifi yako akanivua soksi kwa nguvu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Nguo za watu zitangoja. Twende."

Daktari alizima taa, akakimulika kwa tochi, mwanga ukapenya. Akasema ndani ni ute tu, unavuja kutoka kwenye kiungo. Picha ya eksirei ikaonyesha kiungo chenyewe kimelika. Si saratani, na sukari sina. Kisha nikagombezwa.

"Baba, ungeingiza vijidudu mpaka kwenye kiungo. Wewe shona, kutoboa watu niachie mimi."

Nameza dawa. Wekundu ukiisha, daktari atakiondoa kijivimbe kwa upasuaji mdogo. Kwa sasa wifi yako anakanyaga, mimi naongoza kitambaa, na kila pindo ni ugomvi.

Niliporudi nyumbani nililia. Si kwa maumivu. Mama alificha chake ili asitusumbue, nami nikafanya yaleyale huku nikijiita mtu mzima.

Ndiyo sababu nakuandikia leo. Katikati ya habari za mvua kwenye barua yako uliandika, "Nachechemea kidogo, si kitu." Mama alisema hivyohivyo, neno kwa neno.

Msalimie shemeji, na wapwa wote. Shangazi anakuombea kila siku. Mungu akutunze huko uliko.

Ila kabla hujaikunja barua hii, dada, vua kiatu.

Mdogo wako akupendaye,
mguu juu ya stuli,
Fundi.