Pikipiki ya Diakono Haitaki Kutulia

Jumanne, 13 Agosti

Nimefika Rarotonga, kisiwani kwetu. Baba alinipokea uwanjani na shada la maua, na pikipiki ile ile nyekundu iliyotulea sote. Begi mbele, mimi nyuma. Safari ya kukohoa tu! Moshi mweusi, na kila akipunguza mwendo inazima. Nimeshuka kusukuma na sketi yangu ya safari. Watu barabarani wanampungia mikono shemasi wao: Diakono, binti umemwita aje kukusukuma?

Makubaliano ni yale yale ya kwenye simu. Pikipiki ikimkubali Baba mpaka Jumapili, ikawaka ya kwenda kanisani, anabaki hapa kijijini Titikaveka. Ikimkataa, Jumatatu tunapanda ndege wote wawili, akaishi nami Auckland, New Zealand. Tiketi yake ninayo. Mzee mkaidi huyu! Lakini nitamlaumu vipi? Mama akiwa kitandani, Baba alimwahidi hatamwacha peke yake. Na Mama yupo pale mbele ya baraza, kaburi lake la vigae vyeupe, kila asubuhi anapewa habari zote za kijiji.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeshindwa kuvumilia. Najua, ikibaki mbovu ndiyo ushindi wangu. Lakini ni yeye aliyenifundisha kufungua kabureta kabla sijajua kupika, na mikono ikaniwasha.

Plagi nyeusi tii. Petroli nyingi, hewa kidogo. Nimeosha vitundu vyote, nikavipuliza kwa mdomo — ladha ya petroli ninayo mpaka sasa! Halafu skrubu ya hewa: imekazwa mpaka mwisho. Fundi gani huyo? Nikailegeza mzunguko mmoja na nusu, kisha kidogo kidogo, kama Baba alivyokuwa akisema: usiitazame, isikilize. Ikakohoa, ikapanda, ikatulia. Sauti ya asubuhi zote za utoto wangu. Machozi yakanitoka, mjinga mimi.

Baba alisikiliza, kichwa ameinamisha. Akasema, "Mm. Vizuri." Akaenda kumwagilia maua. Basi? Nilitegemea walau nipigwe begani!

Ijumaa, 16 Agosti

Jana ilikwenda kama maji. Leo imeharibika tena. Skrubu imejikaza yenyewe mpaka ndani! Nikasema ni mtikisiko, springi yake imechoka. Nimekata springi ya kalamu, nimeivalisha. Kisha nimetia nukta mbili za rangi ya kucha, moja kwenye skrubu, moja kwenye kabureta, zitazamane. Ikisogea nitaijua.

Mama Ngatuaine wa jirani kaja na majani ya magimbi kwa tui, na mdomo wake.

"Wee Akaiti, umekuja kumchukua baba yako, au kumfungia breki? Pikipiki ikipona haendi mtu!"

"Najua, Mama."

"Unajua na bado umeshika bisibisi! Ndiyo akili za Auckland hizo?"

Nikamwambia akili niliziacha forodhani. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Nampenda mama huyu.

Jumamosi, 17 Agosti

Nukta hazitazamani.

Nimeirekebisha tena, kimya kimya. Mama Ngatuaine anasema Baba alimwomba sweta la marehemu mumewe, lile zito la sufu. Sweta! Baridi ya Agosti imeanza kumsumbua uzeeni, maskini.

Nimewaza mchana kutwa. Mtu wa miaka yake, unamng'oa kwenye nyumba yake, kanisa lake, mkewe? Ili nipate nini, nilale usingizi? Alasiri nikamwendea nyuma ya nyumba. Alikuwa anakuna nazi ya kesho, maana kesho kwetu hakuna kazi. Nikamwambia: Baba, imetulia sasa. Kama itawaka kesho, ubaki na Mama. Nitaondoka peke yangu na sitanuna.

Nilidhani atafurahi. Hakuinua uso. "Imetulia kweli?" Kweli, Baba. Akaendelea kukuna mpaka nazi ikaisha, akawa anakuna kifuu kitupu.

Jumapili, 18 Agosti

Kumekucha. Kengele ya kwanza bado. Niko dirishani na mswaki mdomoni, naandika.

Baba yupo chini, amepiga magoti kando ya pikipiki. Suti yake nyeupe ya kanisani, leso ameitandika chini ya goti. Ana bisibisi! Jumapili! Diakono aliyewahi kunifumulisha kifungo cha gauni kwa sababu nilikishona siku ya Bwana! Anaikaza skrubu taratibu, ulimi nje, kama mtoto anayeiba sukari. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi na springi yangu ya kalamu!

Amemaliza. Amegeukia kaburi.

"Unaona mwenyewe, Moeroa. Si mimi. Imekataa. Mtoto kajitahidi, wiki nzima kajitahidi, na bado imekataa." Anafuta vigae kwa leso ile ile ya magoti. "Ningebaki, mke wangu. Lakini nitafanyaje bila pikipiki?"

Kumbe sweta ni la Auckland. Kumbe ile "mm, vizuri". Ee Baba yangu! Mpweke kiasi hicho, na hukuweza kuniambia!

Kengele imelia. Bisibisi ameificha kwenye soksi. Ananiita.

"Akaiti! Hebu njoo ujaribu kuiwasha, tutachelewa!" Sauti ya mtu asiye na kosa lolote duniani.

"Naja, Baba!"

Bisibisi yangu iko hapa mezani. Naiacha hapa hapa. Nakwenda kupiga kiki, na nitaipiga kwa nguvu zangu zote, tena na tena, ili Mama asikie.