Vyombo vya Waridi Siku ya Matanga

Dada Nafula,

Tulikuzika Jumamosi, kando ya mama. Cheti kutoka Jeddah kinasema uliteleza jikoni. Nimekuwa ripota miaka mingi. Mtu aliyeteleza hapasuki paji la uso na kisogo kwa pamoja, wala havunjiki vidole vya mkono aliojikingia.

Kabla ya mwili wako kuachiliwa, nilikufuata. Riyadh, kwenye nyumba ya mtaa wa Al-Naseem ulikofanya kazi, walinifungia geti usoni. Jeddah nikampata dereva wao, yule wa Bungoma uliyemwita shemeji kwa utani. Alininong'oneza: "Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, anayo bosi, mwandishi. Lakini niliona."

Akanisimulia: mama yake madam, mke wa bosi, alikuwa amefariki Jeddah, wakakuchukua ukawahudumie waombolezaji. Vyombo vya yule bibi ulishanisimulia kwa simu: kaure ya waridi na kijani, yenye ndege wa mkia mrefu, iliyoletwa na wazee wake kutoka Penang, Malaysia. "Huku sahani zina heshima kunishinda. Zenyewe zaoshwa kwa maji vuguvugu. Mimi? Yalla, yalla, fanya haraka!" Ukacheka.

Kwa watu wa Penang, vyombo vya waridi ni vya harusi. Msibani hutumika vya buluu na vyeupe. Hakuna aliyekuambia. Ukafanya alivyotufundisha mama: aliyekuja kulia nawe, mpe kikombe kizuri kuliko vyote. Ukavipanga vya waridi mbele ya wafiwa.

"Unasherehekea mama yangu kufa?" madam akafoka.

Mumewe alikuburuta kwa nywele hadi jikoni. Akainua bakuli kubwa la kaure, lile la mfuniko, akakupiga nalo. Ulipoinua mkono, akaupiga mkono. Bakuli lilipopasuka akaendelea kwa mateke. Ulisema mara moja tu, "Samahani, baba." Damu ilipofika mlangoni akasema, "Halas, basi," akaenda kunawa.

Dereva ameshafika nyumbani. Ameapa mbele ya wakili, kwa jina lake kamili. Alilia. Mimi niliandika.

Kwaheri, Nafula. Sitanyamaza mpaka cheti kile kisomeke kwamba uliuawa.

Jumamosi nilifungua kabati la mama, nikatoa vile vikombe vya maua, waliokuja kukulilia wakanywea. Kimoja kilimponyoka shangazi, kikavunjika sakafuni. Akashtuka, akaniangalia.

Tukafagia. Nikammiminia chai katika kingine.

Mdogo wako