Kilindi cha Mzee Feruzi Kimekaa Matanga

Jumanne. Ukungu tangu alfajiri. Jua limetoka limechoka. Maji yameanza kushuka.

Daftari yangu, leo mto haukutaka kuamka. Nilifika kivukoni hapa Alunguli asubuhi mapema, sikuona ng'ambo wala maji yenyewe, mpaka mvushaji alipokohoa ndipo nikajua mtumbwi uko wapi. Nikaingia, nikakunja kikwembe changu, nikakaa. Katikati ya Lualaba nilisahau tunaelekea upande gani. Mbele peupe, nyuma peupe, na kasia likigusa maji polepole. Nikatamani tusifike.

Maana ng'ambo kulikuwa na mkutano, na kwenye mkutano kulikuwa na karatasi yangu.

Nieleze toka mwanzo, nisijidanganye. Mimi ni mpiga mashini ya kuandika katika biro ya kazi za mto. Mwaka juzi barua ilitoka juu ikisema samaki wa upande wetu wanaisha, gari la moshi linawameza. Ni kweli, kila juma wanunuzi wa stesheni wanapakia vikapu vya samaki wa moshi kwenda Katanga. Basi ikaamriwa kila mwaka tuweke kikomo: vikapu kadhaa, na kisipande hata kimoja juu yake. Kikomo kikishawekwa kinagawanywa, kila kabila na kila kambi fungu lake: Wagenia wa kilindi, watu wa Lokandu, na wale tunaowaita watu wa nyavu, waliokuja juzi na nyavu za nailoni za wafanyabiashara. Fungu linafuata kazi ya mwaka uliopita. Aliyevua sana anapata sana. Hata mimi niliona ni haki.

Jedwali la kazi ya mwaka ninalijaza mimi.

Sasa, baba mkwe wangu, Mzee Feruzi, alikufa mwaka jana maji yakiwa yanajaa. Yeye njo alikuwa mwenye kilindi, pale juu ya mji mto unapopinda, samaki wakubwa tunaowaita kapitene wanapolala kwenye mawe. Mimi ni mtoto wa reli, baba yangu alitoka Kasai na mabehewa. Mambo ya Wagenia nimeyakuta kwa kuolewa. Siku ya tatu ya msiba nilimwona Baba Mdogo Amisi, mdogo wa marehemu, akienda kuchomeka mti kwenye mdomo wa kilindi na kufunga juu yake kipande cha kanzu ya Mzee. Tangu siku hiyo hakuna ndoano, hakuna wavu, hakuna mtego. Maji yanakaa matanga kama watu. Yatajaa, yatashuka, yatajaa tena. Yakianza kushuka mara ya pili, kitambaa kinatolewa na watu wanarudi kuvua. Muda wote huo walikula sombe ya majani ya muhogo na ugali na visamaki vya kijitoni, wala sikumsikia mtu akilalamika.

Ikafika siku ya kujaza jedwali. Mbele ya jina lao niliandika vikapu viwili, vile vya kijitoni. Mwaka wa nyuma yake walikuwa na themanini. Mwisho wa mstari kuna nafasi ndogo, na juu yake pameandikwa: Sababu.

Nilikaa mbele ya nafasi ile asubuhi nzima. Ningeandika nini? Kwamba wanaume wazima na nguvu zao wamekaa kando ya maji mwaka mzima hawavui, kwa ajili ya kitambaa? Siku hizi, ambapo asiyefika Salongo, kazi ya lazima ya Serikali, anaulizwa, na asiyezalisha anaitwa mvivu mbele ya watu wote? Kwa mawazo nilimwona Baba Mdogo akiitwa kwenye Chama kujieleza, kofia mkononi. Nikaogopa kwa niaba yake. Nikajiambia pia kwamba nafasi yenyewe ni ndogo, haiwezi kubeba desturi nzima ya watu. Nikapiga: Mitumbwi imeoza. Nikatia muhuri, nikajiona nina akili sana.

Aibu yangu naiandika hapa: siku hiyo nilirudi nyumbani nikiimba.

Leo mkutano ulianza kwa nyimbo za Chama na makofi, kama kawaida. Halafu mukubwa wetu, Sitwaye Mutombo, yaani Mwananchi Mutombo kama tunavyotakiwa kuitana, akafungua jedwali, koti lake la abakosti limepigwa pasi vizuri. Si mtu mbaya, na hilo njo linaniumiza. Alisoma polepole ili wazee wafuate. Watu wa Lokandu walipewa lao wakaridhika. Alipofika kwa Wagenia wa kilindi alishusha sauti, kwa huruma kabisa, akasema watu waliopoteza mitumbwi hawawezi kubeba fungu kubwa. Mwaka huu watapewa vikapu vinne. Na kwa kuwa si vizuri kilindi kikae bure, watu wa nyavu waingie humo, wavue mpaka kikomo cha mwaka kitimie.

Na mimi nilikuwa pembeni na penseli yangu, naandika maneno hayo. Mkono ulikuwa unaenda wenyewe. Nilifikiria tu, kama mtu aliye mbali, kwamba mwaka ujao nitajaza vikapu vinne, na fungu lao litafuata vile vinne, na mwaka unaofuata pia, mpaka watoto wa mwanangu Riziki waambiwe kilindi kile hakijawahi kuwa chao.

Baba Mdogo Amisi aliinua kichwa.

"Mitumbwi gani imeoza?" akauliza. "Mitumbwi yetu iko yote pale, iko mizima."

Sitwaye Mutombo akaisogeza karatasi karibu na macho. "Karatasi njo inasema hivi, Muzee. Iko na muhuri. Kama karatasi ya Serikali inasema uongo, basi tuambie nani aliandika."

Baba Mdogo hajui kusoma. Aliangalia karatasi, kisha akaangalia penseli yangu, kisha uso wangu, na nikaona kwamba amejua. Ilinibidi nisimame niseme neno moja tu: mimi. Badala yake niliinamia karatasi, nikaendelea kuandika.

"Aah, samahani, Mukubwa," akasema. "Ni uzee. Nilisahau. Ni kweli, imeoza."

Walicheka, daftari yangu. Chumba kizima. Mgenia amesahau mitumbwi yake! Watu wa nyavu walijipiga mapaja. Naye akacheka kidogo pamoja nao, kofia juu ya magoti, ili jambo lipite. Sijawahi kumwona akichekwa tangu niolewe.

Nilimkimbilia uani mkutano ulipokwisha. Nilikuwa na maneno mengi, hakuyataka hata moja. Aliniacha nilie kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini, akiangalia upande wa stesheni:

"Wakikufukuza, Mama Riziki, na bwana yako iko safarini na gari la moshi, mutoto atakula nini? Wacha tu."

Kisha akabadilisha mazungumzo, kama tumekutana sokoni. Alinikumbusha kwamba Jumapili kitambaa kinatolewa. Mti haung'olewi na yeyote tu. Unang'olewa na aliyempikia marehemu chakula chake cha mwisho. Ni mimi. Nilimpikia kambale kwa mawese, akala mpaka akalamba kidole, akaniambia nimeshakuwa Mgenia. Baba Mdogo akanisihi nivae kikwembe cha heshima, maana watu watakuja kutoka mbali. Akavaa kofia yake, akashuka mtoni bila haraka.

Ukungu ulikuwa umekwisha kabisa wakati huo. Niliona kila kitu vizuri, mgongo wake pia.

Mchana wenzangu walikwenda kula. Mimi nilibaki, sikuwa na njaa. Joto lilikuwa limeshuka juu ya paa la mabati, nzi mmoja anazunguka, kwa mbali behewa linasukumwa. Nikasinzia juu ya mashini.

Nikaota niko chini kabisa ya kilindi, na napumua. Mwanga wa kule ni wa kijani, laini, hauumizi macho. Kapitene walikuwa wengi, wakubwa, wamelala juu ya mawe, mapezi yao yanatikisika taratibu. Hakuna aliyenikimbia. Mwaka mzima hakuna aliyewagusa, na walikuwa wanajua. Katikati yao Mzee Feruzi amekaa kwenye kiti chake cha mianzi, kanzu yake imechanwa pembeni, pale walipotoa kipande. Aliniangalia kwa ule upole wake wa kungoja sahani.

"Mwanangu," akasema, "umeniandika wapi?"

Nikaanza kupekua makaratasi. Yakawa yananitoka mkononi moja moja, yanaelea kwenda juu, na mimi miguu yangu mizito, siyafikii. Yeye hakukasirika. Aliendelea kungoja.

Niliamka herufi za mashini zimenichora kwenye paji la uso. Sikutaka kuamka, kule chini palikuwa pazuri. Nikakaa hivyo hivyo muda mrefu, nusu yangu bado majini, na ndipo jambo likanijia bila mimi kulitafuta. Barua ya juu ilitaka nini? Ilitaka samaki wapumzike. Kilindi kimepumzika. Katika jedwali lote lile, watu waliojiwekea kikomo wenyewe, bila barua, bila muhuri, bila mukubwa yeyote kuwaambia, ni hawa. Wale niliowaonea aibu. Nilificha jambo zuri kuliko yote niliyokuwa nayo ya kuandika, nikaweka mitumbwi mibovu mahali pake, na kwa hilo tunawanyang'anya maji.

Niliwadharau. Nimelizunguka neno hili tangu asubuhi, na njo hilo. Nilisema nawaogopea, lakini chini yake nilikuwa naona desturi yao haifai kuonekana na mukubwa.

Stensili ya uamuzi, karatasi ya kutolea nakala, bado ilikuwa kwangu, maana Sitwaye Mutombo hutia sahihi asubuhi, akiwa hajachoka. Nikaiweka kando. Nikachukua karatasi nyeupe, nikapiga jedwali upya toka mstari wa kwanza. Halafu nikapiga barua fupi, kwa jina langu zima, Sitwayene Ngalula, kwamba sababu ya mwanzo ilikuwa uongo wangu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Kwamba Mzee Amisi hakusahau kitu, mitumbwi yake ni mizima, na yeyote mwenye shaka avuke akaihesabu. Na kwamba Jumapili kilindi kinafunguliwa, aje Mukubwa mwenyewe aone samaki waliolala humo kabla hajampa mtu mwingine. Nilikosea jina langu mara mbili.

Naogopa, nisijifanye shujaa. Anaweza kuichana barua ile na kunitoa siku hiyo hiyo. Anaweza kunipeleka kwa wakubwa wa Chama, maana muhuri si kitu cha kuchezea. Anaweza kuisoma, akatikisa kichwa, akanionea huruma, na bado akawapa watu wa nyavu kilindi, kwa sababu wafanyabiashara wao wameshamzoea. Bwana yangu atarudi na gari la moshi mwisho wa mwezi, hajui lolote. Labda atanikasirikia kwanza kwa ajili ya kazi, labda kwanza kwa ajili ya baba yake. Nitaeleza yote nikiwa nimesimama.

Lakini Jumapili nitakuwa ndani ya maji mpaka magotini, mkono kwenye mti ule, na ndugu zake wote ukingoni wananiangalia. Siwezi kuung'oa nikiwa nimewauza. Na siwezi kukataa, kwa sababu kambale yule nilimpikia mimi.

Sasa nimerudi Alunguli. Jua linazama nyuma ya mji, ng'ambo, na mto umekuwa mweupe tena, safari hii kwa mwanga. Riziki anachambua mchele mlangoni, anaongea na mawe anayoyatoa. Ameniuliza kwa nini nina alama kwenye paji la uso. Nimemwambia nilikuwa kwa babu yake. Hakushangaa, aliuliza tu kama babu amekula.

Makaratasi yako ndani ya kikapu changu, chini ya kitambaa. Kesho nitavuka, ukungu uwepo usiwepo, na nitayaweka juu ya meza ya Mukubwa kabla mwenyewe hajafika, ili nisipate nafasi ya kufikiri.

Ile nafasi ya Sababu niliyosema ni ndogo, leo nimeijaza tena. Nimepiga: Maji yalikaa matanga.

Maneno matatu tu. Yameingia yote, na nafasi imebaki.