Eda ya Mtondooni

Jumatatu, 3 Agosti 1959

Nyange, karani wa Baraza la Mji, amekuja asubuhi kuchukua sanduku la makaratasi ya marehemu. Sikutoka. Mwanamke aliye ndani ya eda hatokezi mbele ya makarani. Mama mkwe wangu, Bi Time, ndiye aliyelisukuma sanduku mpaka kizingitini, mie nyuma ya pazia. Nyange akatoa pole. Mazikoni hakuja — tangu uchaguzi wa mwaka juzi watu wa vyama tofauti mjini hawazikani — lakini kwa sanduku amekuja.

Kisha akasema na kalamu nayo ni mali ya Baraza. Kalamu! Bi Time akamjibu kwamba mwanawe aliinunua mjini Chake kwa karafuu za mkono wake, na kama Baraza lina shaka liende likamuulize alikolala. Nyange akachukua sanduku, akaiacha kalamu.

Ndiyo hii ninayoandikia. Mbarouk, mume wangu, alikuwa haishiki mpaka avae kofia. Kazi ya watu, alikuwa akisema, haiandikwi kichwa wazi.

Nje kibarazani alikuwapo shemeji Hamad, mdogo wake marehemu. Nilimsikia Nyange akimweleza. Mwisho wa mwezi huu Kanuni za Mji zitarekebishwa, mambo mawili. Mitaa mitano itakuwa mitatu. Na Baraza litaweza kutwaa kiwanja cha mtu kwa manufaa ya umma bila kungoja ridhaa ya mjumbe wa mtaa. Hamad akauliza ni mitaa ipi itakayofutwa. Nyange akacheka kidogo tu, puani. Akasema, ile iliyofiwa na wajumbe wake.

Mtondooni, mtaa wetu, una miezi miwili hauna mjumbe. Ulikuwa na Mbarouk.

Jumatano, 5 Agosti

Kifungu hicho cha ridhaa ya mjumbe nakijua. Nilikinakili mimi. Mbarouk alikuwa na mwandiko wa kuku, na rasimu zake zote za Baraza nilizisafisha mimi, kwenye meza hii, yeye akikuna kichwa kwa chini ya kofia. Wenzake wakamsifu kwa hati nzuri. Akirudi husema, "Katibu, leo umesifiwa tena," na mimi sikuwahi kuuona ukumbi wao.

Aliandika kwamba hapana kiwanja kitakachotwaliwa mpaka mjumbe wa mtaa huo atie sahihi. Nilimuuliza kwa nini mjumbe, kwa nini si mwenye kiwanja. Akasema mwenye kiwanja mtu atamtisha, atamlevya kwa maneno, atamngoja azeeke. Mjumbe ana watu nyuma yake.

"Na mjumbe akifa?"

Akaweka kikombe chini. "Ushanizika, Mwanakhamis?"

Tukacheka wote wawili. Alikuwa na pengo upande wa kushoto, halionekani ila akicheka kweli.

Basi ndiyo hivyo. Aliwapima wajumbe wote kwa kipimo chake mwenyewe, akadhani kipimo kitabaki akishaondoka.

Jumamosi, 8 Agosti

Mwanaasha, jirani yangu, ameingia na bakuli la uji na habari. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa soko. Baraza linataka nafasi ya soko jipya na stendi ya malori, kuanzia kisima cha Mtondooni mpaka nyumba yangu. Yangu imeandikwa "kiwanja cha marehemu Mbarouk". Si chake. Alinipa hiba mbele ya mashahidi, miaka sasa, kwa kuwa hatukujaaliwa mtoto na alikuwa akiwajua ndugu zake.

Bila nyumba hii nitarudi Kojani kwa kaka yangu, nikalale na watoto wake chumba kimoja, niwe shangazi wa kutumwa kuni.

Mwenye pingamizi, limesema tangazo, aje mwenyewe siku ya kikao, Alkhamisi ya tarehe 27. Mtu wa kumsemea hakubaliwi.

Nikamwambia Mwanaasha, labda hawajui kwamba niko ndani ya eda.

"Hawajui? Shoga, ubani wako waliunusa mji mzima. Wanajua mpaka unavyolala."

Jumapili, 9 Agosti

Hamad amekuja baada ya alasiri, akakaa ukumbini, mie nyuma ya pazia. Nikamuuliza kuhusu tarehe 27. Sauti yake ikawa ya msikitini.

"Shemegi, eda ni eda. Mtu hatoki."

Nikasema basi nani ataisemea nyumba, na tangazo limekataa wasemaji.

"Mie niko pale. Nitaona."

Akakohoa. Mbarouk alikuwa akisema mdogo wake hukohoa kabla ya uwongo kama jogoo anavyopiga mbawa kabla ya kuwika. Alikuwa akilisema kwa mapenzi. Leo nimelisikia bila mapenzi yoyote.

Jumatano, 12 Agosti

Leo nimekunja kanzu yake ya rangi ya maziwa. Nikaikunjua. Mfukoni mna kokwa ya tende, kavu. Nimeirudisha mulemule.

Jumamosi, 15 Agosti

Nataka kuliandika hili kama lilivyokuwa, nisije nikadhani baadaye nimelitia chumvi.

Tangu karafuu zianze, Hamad anaanika zake mbele ya nyumba yangu, maana uwanja wake una kivuli. Leo adhuhuri jua lilikuwa kali, kila mtu kajilaza. Mara mvua. Si manyunyu — mvua. Bi Time akapiga ukelele kutoka jikoni:

"Mwanakhamis! Karafuu! Toka, mwanangu, toka!"

Nikatoka. Kanga mbili za kushindia, miguu mitupu, uwanjani, mchana, watu wanapita na baiskeli zao. Hamad naye kaja mbio kutoka upande wa kisimani. Akashika jamvi huku, mie kule. "Vuta, shemegi! Kunja, kunja! Usimwage!" Uso kwa uso, pua yake inachuruzika maji. Tukaanua majamvi yote. Nikazoa kwa mikono zile zilizomwagika, nimepiga magoti topeni. Mzee Duni wa kisimani kanipita, kanisalimu, nikamwitikia.

Hakuna aliyetaja eda.

Zilipoingia zote ndani, Hamad akajifuta, akakaa kibarazani, akaomba kahawa. Nikampa Bi Time ampelekee, mie nikarudi nyuma ya pazia. Nilikuwa mtu wa kuonekana kwa muda wa mvua. Kisha nikawa tena haramu.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimemtuma Mwanaasha kwa Shehe Mmanga. Jibu limekuja wazi. Mwenye eda hutoka mchana kwa haja ya lazima, bila pambo wala manukato, akarudi kulala nyumbani kwake. Na kuiokoa nyumba anayokalia eda, shehe kasema, kama hiyo si haja basi haja ni ipi?

Nikamwambia Bi Time. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Shehe kasema. Na watu je? Watasema hukumpenda mwanangu."

Nimeandika neno hilo nikakaa nalo. Kumi na tisa tulikaa, mimi na Mbarouk — miaka, si siku — na alikuwa akinitolea miba ya samaki mpaka nikamwambia aache, nina macho. Akaacha kwa juma moja.

Alkhamisi, 20 Agosti

Leo nimejua.

Nyange na Hamad walikuwa kibarazani, wakidhani niko uani. Nilikuwa ukumbini nikipanga vyombo. Nyange anasema Mtondooni wataiingiza Bomani, kwa wenye maduka. Nyumba zetu kule zitakuwa kama chumvi ndani ya pipa la maji. Mjumbe wa mtaa mpya hatapigiwa kura mwaka huu, atateuliwa. Na Mwenyekiti anataka mtu wa upande wa Mtondooni, ili watu wasione wamemezwa. Mtu mtulivu. Jamaa yake asilete fujo kikaoni.

"Jamaa yangu hana fujo," Hamad kasema.

"Yule mjane?"

"Huyo hatoki. Mtu wa dini yule."

Alisema kama anayenisifu. Hilo ndilo lililonichoma. Angenitukana ningelala. Huyu kachukua haya yangu, na huzuni yangu, kaifanya kufuli, na ufunguo kautia mfukoni mwake pamoja na kiti cha ndugu yake.

Jumapili, 23 Agosti

Nimemwambia Bi Time yote niliyosikia. Niliogopa kumwambia. Hamad naye ni mwanawe, amembakia huyo mmoja.

Alipokuja Hamad jioni, Bi Time akamwita uani, na sauti yake si sauti ya kufichwa na ukuta wa makuti.

"Karafuu zako ziliporowa eda hukuiona. Leo unaiona?"

Hamad akasema mama haelewi mambo ya mji. Mji unakua, soko ni la wote, malori yatasimama wapi?

"Yasimame kwako. Una uwanja."

"Uwanja wangu una kivuli, mama."

"Basi madereva watashukuru."

Sijacheka tangu mwezi wa sita. Nilijiziba mdomo kwa ncha ya ukaya niliojitanda kichwani.

Baadaye nimekuta buibui lake la zamani juu ya kitanda changu, limefuliwa kwa sabuni ya mche, halina udi hata kidogo. Ameniambia bila kunitazama, "Lako lina harufu. Ukienda usiende nalo."

Jumatano, 26 Agosti

Hamad hakuja leo. Mwanaasha atanipitia asubuhi. Nimejifunza maneno yangu kwa moyo, machache: jina, hiba, mashahidi, siridhii. Nimeyasema mbele ya meza. Sauti yangu imekuwa ndogo kwa kukaa ndani.

Alkhamisi, 27 Agosti

Nimerudi mara moja, natakiwa tena baada ya sala ya adhuhuri. Naandika upesi.

Tumetoka asubuhi, mimi na Mwanaasha. Jua limeniumiza macho. Kisimani mwanamke mmoja, simtaji, akauliza wenzake kwa sauti kama eda siku hizi zinauzwa nusu. Mwanaasha akataka kurudi amjibu. Nimemshika mkono.

Ofisi ya Baraza ina veranda yenye benchi. Wanaume walikaa benchini, sisi wawili tukasimama chini ya dirisha. Kila kitu kinasikika. Mzee Duni alikuwapo, na wengine wa kisimani, wenye nyumba zilizotajwa. Hakuna aliyetusogelea.

Jambo la kwanza walilosoma ni mitaa. Nilidhani wataanza na viwanja. Nyange akasoma kwa kasi: Mtondooni itaungana na Bomani, jina la Mtondooni litaondolewa katika vitabu. Anayeunga mkono? Mikono. Anayepinga? Kimya. Mwenye kuipinga kwa Mtondooni ni mjumbe wa Mtondooni, na mjumbe hatuna. Ilikwisha kabla mtu hajamaliza kikombe cha kahawa. Halafu kifungu cha Mbarouk, wakakifuta kwa maneno machache kuliko niliyoyanakili. Halafu ndipo viwanja.

Mwenyekiti akauliza nani ana pingamizi. Nikasogea mlangoni, nikasema. Sauti ilitoka. Mimi ni Mwanakhamis, nyumba ni yangu kwa hiba, mashahidi wangali hai, siridhii. Hamad alikuwa ameketi ndani, kwenye kiti cha pembeni, na kanzu mpya. Akainuka.

"Shemegi, rudi nyumbani. Watu wanatazama."

"Watazame," Mwanaasha kasema nyuma yangu.

Mwenyekiti si mtu mkali. Aliniangalia kwa huruma, akasema pingamizi zote zije kwa karatasi, apewe karatasi. Nyange akaileta. Mistari mitatu: jina, kiwanja, mtaa. Nikaandika jina na kiwanja pale pale, nimeegemea ukuta. Nilipofika mtaa nikamwambia, Mtondooni. Akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba mtaa huo haupo. Umefutwa sasa hivi, bibi umesikia. Pingamizi kutoka mtaa usiokuwapo halipokeleki. Niandike Bomani.

Nikauliza, na nikiandika Bomani?

Basi linapokelewa, kasema. Litapelekwa kwa mjumbe wa Bomani alitolee rai.

Hamad akatazama chini, viatuni mwake.

Mzee Duni amekwisha kuandika. Wa kisimani wote wameandika Bomani, mmoja mmoja, wakaweka karatasi mezani na kutoka. Aliponipita Mzee Duni hakunisalimu. Alinisalimu siku ile ya mvua, na tope mpaka magotini.

Mwenyekiti akasema kikao kipumzike kwa sala, nirudi na karatasi yangu. Ndipo nikaja nayo huku.

Bi Time ameniuliza imekuwaje. Nimemsomea. Akauliza Mbarouk angeandika nini. Nimemwambia sijui. Kweli sijui. Angeandika Mtondooni, na nyumba ikaenda? Au angeandika Bomani, akaniachia pa kulala, mtaa ukafa kwa mkono wa mkewe, na hati nzuri?

Wamekwisha kuadhini. Hamad yuko nje, nasikia anamwambia Mwanaasha niandike tu Bomani, yeye atanisemea, mie ni mke wa ndugu yake. Mwanaasha anamwambia aondoke mlangoni apate kupita mtu. Anagonga, ananiita, amekwisha vaa buibui.

Jina nimeandika. Kiwanja nimeandika. Penye mtaa pangali peupe.