Siku ya Kuchukua

Jumatatu, 3 Machi

Mashati kumi na manne, shuka sita. Mkono wa kulia unawaka.

Leo Mwalimu ametuanzishia wakati uliopita wa Kitaliano. Eti tusahau ya kesho, mtihani unapenda ya jana. Mzee huyu aliwahi kuwa mpishi wa meli. Ukikosea anagonga meza kwa mwiko, na mimi nimegongewa mara tatu! Wewe umeondoka kama mwanamume, akaniambia. Kumbe mwanamke akiondoka neno lake lazima liishie na a. Sono partita. Haya.

Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikifeli, ile kazi ya kumtunza bibi kizee huko aliko Dada imekwenda. Dada kashasema: ni mwezi huu au anatafutwa mwingine.

Mama anadhani Jumatatu na Alhamisi naenda kwaya. Mimi! Nisiyeweza hata kubembeleza mtoto akalala.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata njia ya kusoma huku nafanya kazi. Vile vikaratasi tunavyobana kwa pini kwenye nguo za wateja – jina la mwenye nguo, siku ya kuchukua – nakata vya ziada. Mbele Kitaliano, nyuma Kiswahili. Nabana kimoja kwenye kola ya shati ninalopiga pasi, narudia mpaka shati liishe, nahamishia lingine. Ho stirato, nilipiga pasi. Ho mangiato, nilikula.

Mama yuko kwenye kiti chake, anakunja soksi kwa vidole vyake vilivyopinda. Miaka miwili sasa hajashika pasi. Akauliza nanong'ona nini. Nyimbo, Mama. Akasema kwaya yenu mbona ina majonzi hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Mwalimu anataka kesho sentensi kumi za maisha yetu wenyewe. Nimekwama. Jana yangu ni mashati, juzi yangu ni mashati. Basi nikaandika ya mbele kana kwamba yameshapita: nilipanda ndege, nilifika, nilimwona Dada. Ya kumi imejitokeza yenyewe. Ho lasciato mia madre. Nilimwacha mama.

Haina kosa hata moja. Nimeirudia mpaka nikataka kulia.

Siku Dada alipoondoka, Mama alisema: na wewe ukienda, mnizike kwanza, halafu mfunge mlango. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 12 Machi

Balaa! Zile sentensi kumi nilizihamishia kwenye vikaratasi, na cha kumi, kile cha kumwacha mama, hakipo. Nimepekua kikapu, mifuko ya gauni, chini ya meza. Vipo tisa tu. Mashati yaliyotoka leo ni ya fundi saa, matano yote. Kikulacho ki nguoni mwako – changu kimeondoka na nguo za mteja.

Atakitupa. Mtu wa saa ana shughuli gani na Kitaliano?

Ijumaa, 14 Machi

Hakukitupa. Kakileta mwenyewe asubuhi, mimi niko uani naanika. Nikasikia kicheko chake: Mama, hiki si changu bwana, mimi mama yangu alishatangulia zamani. Watu wa mizaha hawaangalii wanapokanyaga!

Nikaingia. Kikaratasi kiko mapajani mwa Mama, Kiswahili juu. Anakunja soksi. Nikasema, Mama. Akasema sabuni imeisha. Nikasema tena, Mama. Akasema amenisikia, sabuni imeisha.

Nikaenda kununua sabuni. Najichukia. Bora angenitukana.

Jumamosi, 15 Machi

Mtihani ni saa tatu. Nimeamshwa na harufu ya pasi. Mama! Amesimama, kiuno kakiegemeza mezani, pasi kaishika kwa mikono miwili. Gauni langu la bluu. Nikamwambia acha, utaungua. Akasema mwanawe haendi kufanya mtihani na nguo kama imetafunwa na ng'ombe.

Ya kwaya alijua tangu wiki ya kwanza, ndivyo alivyosema. Alidhani ni masomo tu. Ya kumwacha ndiyo hakuijua.

Begani pamebaki mikunjo miwili. Sikuigusa. Nikavaa, nikageuka anione. Amesharudi kwenye kiti chake, anapuliza vidole. Na kifuani, kwenye gauni lake, kuna pini. Kikaratasi cha wateja, mwandiko wa kutetemeka. Mwenye mali: kaandika jina langu. Siku ya kuchukua: hakuna kitu.

Nikamwambia Mama, usinifanyie hivi. Akasema hanifanyii lolote. Kinachoachwa hapa huandikwa siku kitakapofuatwa, mbona nayajua? Akanipa kalamu.

Ndiyo hii ninayoandikia. Naandika humu kwanza, maana pale sijui niandike nini. Saa mbili na robo. Nitachelewa. Mama ameshika ncha za kikaratasi kwa vidole viwili kisijikunje, ananingoja, na kalamu ni hii hii moja.