Nyasi za Kiangazi Hazifyekwi, Baba

Mpendwa baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, usidhani hii ni barua ya kukulilia. Kukulilia nilikulilia tulipokuzika Makere. Leo nina la kukuambia.

Unaikumbuka bustani ya ile ofisi Kasulu? Wewe ulikuwa mfyekaji wao, mimi nikiwauzia chai na maandazi pale getini. Nyumbani hukutaka hata unyasi mmoja uani. "Nyasi mlangoni ni kumkaribisha nyoka," ulikuwa ukisema, na mama akifagia mpaka udongo unang'aa. Lakini zile za ofisini ulizilea. Mvua zikikolea ulifyeka kila wiki, maana ukichelewa siku kumi tu zinakushinda. Mvua zikipungua, mara moja kwa wiki tatu. Ikifika Juni unalitundika fyekeo. "Jani ndilo kivuli cha mzizi," uliniambia siku moja nikikumiminia chai. "Ukilinyoa jua likiwa kali, umeua."

Akaja mkuu mpya, kahamishwa kutoka mbali. Julai ile, vumbi limejaa mpaka kwenye vikombe vyangu, akakuita. "Mzee, fyeka kila Jumamosi. Ziwe fupi kama zulia, kuna wageni wanakuja." Nilikuwepo, birika mkononi. Nikasubiri useme. Ukasema, "Ndiyo, mkuu."

Jumamosi tatu ulifyeka, na huku unajua. Bustani ikawa upara. Wageni walipofika, mkuu akakusimamisha mbele yao. "Nani kakwambia unyoe mpaka udongoni? Ndiyo hasara ya kuajiri watu wa kuja!"

Watu wa kuja! Na karatasi yako ya uraia, uliyopewa miaka mingi baada ya kuvuka mpaka, ilikuwa nyumbani, umeifunga kwenye nailoni, umeilaza chini ya godoro. Nilifungua mdomo. Ukanishika mkono, ukaubana. "Hora, mwana wanje." Kwa lugha ya kwenu: nyamaza, mwanangu. Kisha ukamgeukia yeye: "Ni kosa langu, mkuu. Nisamehe."

Hakukusamehe. Jioni ile ulirudi na fyekeo begani, kazi huna. Mjini ukabaki na jina, mzee aliyeua nyasi za ofisi, na hakuna aliyekupa tena bustani yake. Mpaka unakufa ulikuwa ukilima vibarua kwenye mashamba ya watu, na mgongo wako ule mbovu. Wanasema mwenye nguvu mpishe. Ulimpisha, na bado alikukanyaga. Nyumbani sote tuliujua ukweli, tukakaa nao miaka yote, hakuna aliyeugusa.

Nilikuchukia kidogo, baba. Nasema wazi. Nilikuchukia wewe kuliko yeye, kwa sababu yeye sikuwahi kumpenda.

Sasa sikiliza. Juzi nilipita pale kwa bodaboda. Mzee mwingine alikuwa akifyeka, nyasi zimeshakauka, jua la saa sita. Nikashuka. Nilipomuuliza akasema, "Nimeagizwa, mama, nifanyeje?" Nikaingia moja kwa moja mpaka kwa mkuu wa sasa, kijana tu. Nikamwambia nyasi za kiangazi hazifyekwi, wasubiri mvua, la sivyo watabaki na vumbi.

Akaniangalia. Mimi nikajiandaa kwa lolote.

"Kumbe!" akasema. "Asante mama, sikujua." Akafungua dirisha akamwita yule mzee aache, apumzike kivulini.

Basi, ndiyo hivyo tu. Sikuulizwa jina, wala kwetu ni wapi. Haikufika hata dakika mbili, baba.

Nilitoka nikakaa kando ya barabara, nikalia mpaka yule wa bodaboda akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu ndiyo.

Lala, mzee wangu. Siku nitakayoweza kukusamehe nitakuja Makere nikuambie mwenyewe.

Ni mimi,
binti yako.