Nilichanganya magamba ya konokono, na mzee ndiye anayechekwa

Mshauri mpendwa, nakusalimu kwa jina la Mungu, nisikilize kwa huruma, maana nimesali mpaka maneno yameniishia na moyo bado haujatua.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, kazi yangu ni kuosha magamba ya konokono kwa mswaki katika kituo cha utafiti, usicheke, kuna watu wanasomea konokono, na bosi wangu, mzee anayeniita "mwanangu" ingawa nina wajukuu, amewasomea wa ziwa letu miaka thelathini, ziwa ambalo upande mmoja maji ni matamu na upande wa pili yana chumvichumvi kwa kuingiliwa na bahari. Wengine wana gamba laini, wengine la matuta, wengine la miiba, na mzee alizoea kusema, "Mwanangu, hawa ni ukoo mmoja, wamevaa tofauti tu."

Sasa miaka kumi na moja iliyopita, mzee akiwa msibani, mguu wa rafu ulivunjika, trei tatu zikamwagika, magamba huku, vikaratasi vya majina ya fukwe kule, nami kwa hofu nikayachambua kama mchele, laini na laini, miiba na miiba, kila fungu nikaliwekea kikaratasi cha ufukwe wake, nikidhani wa ufukwe mmoja lazima wafanane kama watoto wa tumbo moja, kumbe hata wangu hawafanani. Aliporudi akainama juu ya trei, akashika kichwa. "Ajabu! Kila ufukwe una wake! Nilikuwa nakosea miaka yote!" Nikaiona furaha ile, nikanyamaza. Na kwa kuwa magoti yalishamkataza kuingia majini, akaziamini trei, akaandika kitabu, ukoo mmoja ukawa spishi tatu.

Mwaka huu binti aliyekuwa mwanafunzi wake amekwenda fukwe zile zile, akakuta kila ufukwe una wa laini, wa matuta na wa miiba, wote pamoja. Alipoyaeleza kwenye mkutano wa watafiti watu wakacheka, mmoja akasema, "Mzee aliwapanga kama vifungo dukani!" Mzee akakusanya karatasi zake, akatoka. Wiki iliyofuata akapooza upande mmoja. Yuko kwa dada yake, nampelekea supu, ananishika mkono ananiuliza, "Mwanangu, hivi nilianza kuchanganyikiwa lini?" nami namjibu, "Pumzika, baba." Daktari anasema hana siku nyingi. Nikimwambia, si nitammaliza? Nisipomwambia, nitasimamaje mbele ya Mungu?

Mama wa Magamba

JIBU

Mama wa Magamba, pole. Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika. Rafu kuvunjika si dhambi. Kuchambua kwa hofu si dhambi, na mzee naye angejiuliza mbona trei zimenyooka ghafla. Lakini miaka kumi na moja, dada yangu! Na hilo "Pumzika, baba" ni uongo mwingine, unampa kila siku pamoja na supu.

Unaogopa utammaliza. Kinachommaliza ni kudhani akili ilimtoroka zamani bila yeye kujua. Duniani kote, ni wewe peke yako unayejua kwamba alikuwa sahihi kabla hujagusa zile trei.

Nenda asubuhi, akiwa hajachoka. Dada yake abaki chumbani awe shahidi. Usilie, maana ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza, na hana nguvu hizo. Sema kwa ufupi: rafu ilivunjika, vikaratasi nilirudisha mimi, sikukwambia. Akikasirika, mwache, ni haki yake. Mchana huo huo mtafute yule binti, aandike yote, utie sahihi. Kazi ikiondoka, iondoke. Na Mungu utaongea naye baadaye. Yeye ana muda, mzee hana.

Barua yako imenifikia Jumanne na gazeti hutoka Jumamosi, kwa hiyo nimepiga namba uliyoiacha. Imeita mara tatu, hakuna aliyepokea. Kama unasoma haya na hujaenda, kunja gazeti uende sasa hivi. Na ukikuta viti vya msiba vimeshapangwa nje, usigeuke kurudi. Ingia, umwambie dada yake, kwa sauti ambayo na wale waliocheka wataisikia.